Shash: Jina la Makazi ya Marasta Lilivyogeuka Jina la Bangi

Ukikaa Nairobi wiki moja na vijana wa rika letu, neno "shash" utalisikia. Ni bangi, ila si ile ya hivi hivi. Wanaojua mambo hayo watakwambia ni ile iliyotoka Ethiopia, ya daraja la juu, na bei yake iko juu pia. Wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni kifupi cha Shashamane, mji ulio kama kilomita 250 kusini mwa Addis Ababa, ambako Mfalme Haile Selassie alitoa ardhi ili watu weusi wa ng'ambo wapate pa kurudi Afrika. Marasta wa Jamaika waliuimba mji huo kama Waisraeli walivyoiimba Sayuni. Leo jina lake linauzwa kwa kete.

Naandika kuhusu safari ya jina hilo kwa sababu mada ya Marasta na bangi haiishi kwenye vimbweta vyetu, na kila ikiibuka inaishia palepale. Mmoja anasema hii ni dini kama dini nyingine, jani ni sakramenti, waacheni. Mwingine anasema hakuna dini hapo, ni wauza bangi waliojifunika Biblia. Mimi natoka Kaoze, Bonde la Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Ni Mkatoliki wa kawaida kama Wafipa wengi, lakini nimefuga dredi tangu nimalize kidato cha sita, kwa hiyo swali la "Rasta, mzigo uko wapi?" naulizwa mimi ambaye hata Rasta si Rasta. Nikaona badala ya kujibu kwa hasira nisome. Nilichokikuta ni kwamba imani ilitangulia na biashara ikafuata, kwa sababu ambazo mtoto yeyote wa mkulima anaweza kuzielewa. Na faida, isipokuwa mara moja, ilikwenda kwa watu wengine huku jina likibaki kwa waumini.

Tuanze Jamaika. Bangi haikufika kule na Marasta. Waliileta vibarua wa Kihindi, walioanza kupelekwa kwenye mashamba ya miwa mwaka 1845 baada ya utumwa kufutwa, na ndiyo maana Wajamaika wanaiita ganja, neno la Kihindi. (Bangi yetu nayo ni neno la Kihindi, ila lilipitia Bahari ya Hindi na majahazi.) Serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1913. Hapo Urastafari ulikuwa haujazaliwa. Ukikutana na mtu anayesema dini hii ilibuniwa ili kukwepa sheria ya bangi, mwambie sheria ilikuwa ikiwabana Wahindi na maskini wa mashambani miaka mingi kabla Rasta wa kwanza hajasimama kuhubiri.

Aliyesimama mwanzoni kabisa ni Leonard Howell, mzaliwa wa Clarendon, 1898. Aliishi Marekani, New York, wakati Marcus Garvey akiwa amewasha moto wa watu weusi kujitegemea na kuitazama Afrika. Tarehe 2 Novemba 1930 Ras Tafari Makonnen akavishwa taji Addis Ababa kwa jina la Haile Selassie. Howell aliporudi Jamaika akaanza kuhubiri kwamba huyu ndiye mfalme wa kweli wa watu weusi, kwamba ni mungu, na kwamba mtu mweusi hana deni la utii kwa mfalme wa Uingereza. Akauza picha za Haile Selassie kwa shilingi moja moja. Mwaka 1934 akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka miwili. Kwenye kesi ile hoja ilikuwa mfalme na kodi. Bangi haikuwa hoja.

Kwetu Ufipa mahubiri ya namna hii si mageni kihivyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu waliorudi kutoka Rhodesia ya Kaskazini walileta mahubiri ya Watchtower, kwamba dunia ya wazungu na machifu wao iko mwishoni na wakati wa mtu mweusi unakuja. Wakoloni na wamisionari walitetemeka vilevile. Na lile neno Nyabinghi, ambalo Marasta wanaliita kwa ibada zao za ngoma, limetoka upande wetu huu wa Afrika, mpakani mwa Uganda na Rwanda, kwenye ibada iliyogeuka upinzani dhidi ya wakoloni. Mama mmoja aliyeongoza upinzani huo, Muhumusa, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Jina hilo lilifika Jamaika miaka ya 1930 kupitia magazetini. Kwa hiyo mtu asituambie Urasta ni kitu cha Wajamaika tu kilichokuja na kanda za rege.

Sasa tuje Pinnacle, maana hapa ndipo jumuiya na bangi vilipofunga ndoa. Mwaka 1940 hivi Howell na wafuasi wake walihamia kwenye shamba kubwa la zamani juu ya kilima karibu na Sligoville, mkoa wa St. Catherine. Waliokwenda kuishi walikuwa mamia, na wapo wanaosema maelfu. Walitaka kuishi bila kuajiriwa na mtu: walilima viazi vikuu na mboga, wakachoma mkaa, wakaoka mikate. Na walilima ganja.

Ukitoka bondeni kama mimi, hesabu yake unaiona bila kufundishwa. Kaoze tunalima mpunga na ufuta. Mwaka ambao mvua imekata barabara, gunia la mpunga linakaa ndani hadi mnunuzi anayethubutu kushuka mlima anakutajia bei anayotaka yeye. Ufuta una nafuu kidogo, ni mwepesi na una bei. Pinnacle walikuwa juu ya kilima, hawana magari ya maana, hawana rafiki serikalini, na mazao yao mazito yalishindana na ya kila mkulima wa Jamaika. Ganja haiozi, ni nyepesi, inabebwa kwenye kikapu hadi Kingston, na kwa sababu imepigwa marufuku bei yake haishuki kirahisi. Marufuku yenyewe ilikuwa ruzuku. Kanisa gani lenye watu mamia wa kulisha, lisilopata mkopo wala mfadhili, lingeliacha zao la hivyo wakati waumini wake wanaamini ni majani matakatifu? Marasta huonyesha Mwanzo 1:29 na Zaburi ya 104 kama ushahidi wao. Imani na tumbo vilielekeza mkono kwenye mche uleule.

Polisi walivamia Pinnacle mwaka 1941, na Howell akarudi gerezani. Alipotoka, jumuiya ikasimama tena. Mwaka 1954 wakavamia kwa nguvu zaidi, wakakamata zaidi ya watu 100, wakachoma, wakavunja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Pinnacle ilikuwa imesambaratishwa kabisa. Sasa fikiria matokeo yake. Wale waliokuwa wamejificha kilimani na shamba lao wakashuka Kingston, kwenye vitongoji vya mabanda kama Back-o-Wall, bila shamba, bila kazi, wakiwa na ujuzi mmoja ambao soko lilikuwa linautaka. Zao lililokuwa na anuani moja likasambaa mji mzima. Na Back-o-Wall nayo ikaja kusagwa na tingatinga mwaka 1966.

Wasomi waliliona hili mapema. Mwaka 1960 walimu watatu wa Chuo Kikuu cha West Indies, M. G. Smith, Roy Augier na Rex Nettleford, waliingia vitongojini na kuandika ripoti fupi kuhusu Marasta wa Kingston. Walikuta watu maskini wenye dini yao na madai ya wazi: kazi, nyumba, polisi waache kuwaonea, na njia ya kurudi Afrika. Serikali ikatuma ujumbe barani Afrika mwaka 1961, wakiwemo Marasta, kuuliza nani yuko tayari kuwapokea. Miaka michache baadaye Walter Rodney, mwalimu kijana wa historia aliyekuwa ametoka kufundisha Dar es Salaam, akawa anakwenda kukaa chini na Marasta haohao kuwafundisha historia ya Afrika na kujifunza kwao. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ikamzuia kuingia tena nchini, wanafunzi wakaandamana, Kingston ikawaka. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi Mlimani. Na kitabu kikubwa cha Horace Campbell kuhusu Urasta na mapambano, kinachoanzia kwa Garvey na kuishia kwa Rodney, kilichapishwa hapahapa na Tanzania Publishing House mwaka 1985. Mada hii tuliwahi kuwa nayo mikononi kabla hatujaigeuza utani wa hosteli.

Nilisema faida ilikwenda kwa wengine isipokuwa mara moja. Hiyo mara moja ni Star Island.

Mwaka 1975 kikundi kilichojiita Ethiopian Zion Coptic Church kilisajiliwa Florida, Marekani. Mizizi yake ilikuwa Jamaika, mkoa wa St. Thomas, chini ya wazee weusi wa mashambani, lakini waliojiunga kwa wingi upande wa Marekani walikuwa vijana wa kizungu. Si Marasta wa kawaida: walimtukuza Garvey, ila hawakumhesabu Haile Selassie kuwa Mungu, na Marasta wengi hawakuwakubali. Walikaa kwenye jumba la kifahari Star Island, Miami Beach, kisiwa cha matajiri, wakawa wanasali na kuvuta mchana na usiku, watoto wakiwemo, hadi majirani wakalalamika na kamera za televisheni zikaja. Mwezi Oktoba 1980 shehena ya tani 20 hivi ya bangi ilikamatwa ikishushwa pwani ya jimbo la Maine, na viongozi wa kanisa hilo walikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Tani 20, ndugu zangu. Hiyo ni sakramenti ya taifa zima.

Kinachonivutia ni namna mahakama zilivyowajibu, na wenzangu wa sheria watanisahihisha. Mahakama Kuu ya Florida mwaka 1979 haikusema "nyie si dini". Ilikubali kwamba ni dini ya kweli na kwamba bangi ni kiini cha ibada yao. Ikawanyima ruhusa kwa sababu walivuta muda wote bila mpaka wa ibada, na waligawa hata kwa wasio waumini. Mwaka 1989, kwenye kesi nyingine ya muumini wa kanisa hilo iliyofika mahakama ya rufaa ya Washington, hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg ilikataa kuwapa msamaha kama ule waliopewa Wahindi Wekundu kwa mmea wao wa peyote. Hoja kubwa ilikuwa ukubwa wa soko la bangi nje ya kanisa. Ukisoma kwa utulivu, mahakama zilikuwa tayari kuijadili madhabahu. Mlango wa nyuma wa madhabahu, ule unaotokea ghalani, ndio ulioharibu kesi.

Lakini angalia kilichofuata. Wale wa Star Island walikuwa na mawakili, boti na majumba. Marasta wa Back-o-Wall hawakuwa na hata kimoja. Mtu wa kawaida akikusimulia "Marasta na biashara ya bangi" anachanganya hao wote kwenye gunia moja.

Turudi Afrika. Ardhi ya Shashamane ilitolewa mwaka 1948, kama hekta 200, kwa mkono wa Ethiopian World Federation, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1937 kuisaidia Ethiopia ilipovamiwa na Waitalia. Ilikuwa shukrani kwa watu weusi wa ng'ambo. Marasta wakaja baadaye, hasa baada ya Haile Selassie kutembelea Jamaika tarehe 21 Aprili 1966, siku ambayo uwanja wa ndege wa Kingston ulifurika watu hadi mfalme akachelewa kushuka kwenye ndege. Wakaanza kufika mmojammoja, kisha kwa makundi, wengi wa kundi la Twelve Tribes.

Hawakupata raha muda mrefu. Mwaka 1974 mfalme akapinduliwa. Mwaka 1975 wanajeshi wa Derg wakataifisha ardhi yote ya vijijini, na ardhi ya Marasta ikaenda humo humo. Wengi wakaondoka. Waliobaki wakabaki na vipande vya kujenga nyumba na bustani. Pagumu ndipo hapo: watu wameacha kwao, wamekuja kwenye nchi ya ahadi, mfalme aliyewaahidi hayupo, ardhi imekwenda, uraia hawana, na bila karatasi huwezi kuajiriwa vizuri wala kusajili biashara bila tabu. Majirani zao, wengi Waoromo, wanawaona wageni waliokaa kwenye ardhi ambayo mfalme aligawa bila kuwauliza wao. Bob Marley alifika mwaka 1978, akakuta makazi madogo, si jiji la kifalme.

Na bangi? Marasta walikuja na matumizi yake kama ibada, na Ethiopia ni kosa la jinai. Kanisa la Orthodox la huko haliitambui kama ibada hata kidogo, jambo linalowauma Marasta waliodhani wanakwenda kwenye chimbuko la imani yao. Palipokuwa na watumiaji pakatokea walimaji, na walimaji wengi ni wakulima wadogo wenyeji wa vijiji vya kuzunguka, wenye vishamba na mahindi yao, wanaochomeka miche katikati. Kisha palitokea watu wa kati. Wao ndio waliogundua kwamba njia ya lami inayoshuka kusini hadi Moyale inaingia Kenya, na Nairobi kuna soko ambalo Shashamane nzima haiwezi kulimaliza kwa kuvuta. Mzigo ukashuka na jina lake. Muumini mzee pale makazini, mwenye vijani vyake vya ibada uani, hana lori wala wakala Isiolo. Lakini jina lililoandikwa kwenye mzigo ni la kwake.

Cha ajabu zaidi, kwenye barabara zilezile unapita mzigo mwingine mchana kweupe: mirungi. Ethiopia mirungi ni zao halali la kuuzwa nje na linaingiza fedha za kigeni. Kenya ni halali. Ukivuka Namanga kuja kwetu, ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku kwenye sheria ileile ya bangi. Mmea mmoja, nchi tatu, na heshima yake inabadilika kila geti. Sisemi mirungi ni mizuri (jino la rafiki yangu mmoja litanipinga). Nasema uhalali wa jani huwa una historia, na historia hiyo mara nyingi inahusu nani analima na nani anakula.

Hata ndani ya Jamaika, jumuiya ya Bobo Ashanti iliyoanzishwa mwaka 1958 na Prince Emmanuel, makao yake Bull Bay, ina biashara yake inayojulikana kila kona ya Kingston: mifagio. Wanaifunga wenyewe na kuizungusha mitaani. Bado sijamsikia mtu akisema "dini ya mifagio".

Na wapo waliowatangulia Marasta kwenye ndoa hii ya bangi na imani, tena ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika ukielekea magharibi. Miaka ya 1870 kule Kasai, Kongo, Waluluwa chini ya Kalamba Mukenge walitupa hirizi za zamani, wakaachana na pombe, wakaifanya bangi kuwa moyo wa umoja wao. Walijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Umoja huo uliwafungulia biashara na misafara ya pembe za ndovu. Mjerumani Wissmann aliwakuta mwaka 1881. Meli ya Wajerumani iliyokuja kuelea Ziwa Tanganyika, Hedwig von Wissmann, ilipewa jina la mke wake. Marasta hawakutokana na watu hao hata kidogo. Nimewataja kwa sababu ya wale wanaodai bangi na dini ni uhuni ulioletwa juzi na rege.

Basi tuje nyumbani, kwenye lile linalonifanya nisione mada hii kama ya utani.

Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ni kali, na marekebisho ya 2017 yaliweka wazi kwamba mzigo mkubwa unaweza kukupeleka kifungo cha maisha na mdogo hadi miaka 30. Neno "kusafirisha" kwenye sheria hiyo ni pana kuliko tunavyodhani: kuhifadhi, kubeba, kumpelekea mtu, vyote vinaweza kuingia humo. Kila mwaka tunasikia mashamba yamefyekwa na kuchomwa, Kisimiri Juu kule Arumeru, Tarime, milima ya Morogoro. Wanaolima huko ni wakulima wa kawaida wenye jembe na watoto wa kusomesha. Madhabahu ya Rasta huko hutaiona.

Kijana niliyesoma naye shule ya msingi alikuwa anapiga debe na kubeba mizigo stendi. Akapewa begi alisindikize kwenye lori, akaahidiwa hela ambayo kwa mwanafunzi wa hapa ni nusu ya boom la muhula. Begi likakutwa. Sasa anatumikia kifungo ambacho akitoka atakuwa na umri wa baba yangu. Hajawahi kufuga rasta hata siku moja, kichwa chake siku zote kilikuwa kipara, na rege haipendi, ni mtu wa singeli. Mwenye begi hakujulikana. Mimi ndiye nisimamishwaye kwenye vizuizi vya barabarani, nifunguliwe begi hadi kwenye soksi, kwa sababu ya nywele. Dredi langu linampa mkaguzi kazi ya kufanya, na begi la kweli linapita kwenye kiti cha nyuma likiwa limekaa na mtu mwenye suti. Mama yangu ameniomba ninyoe mara tatu. Anasema, "Mwanangu, mimi nakujua, wao hawakujui."

Mahakama za jirani zimeanza kutenganisha vitu hivi kimojakimoja. Kenya, Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na katiba, na mwanafunzi wa kike aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake aachwe asome. Malawi, Mei 2023, mahakama iliamua vivyo hivyo kuhusu watoto wa Marasta kwenye shule za serikali, baada ya familia kuhangaika miaka mingi. Hukumu zote mbili zilihusu kichwa cha mtoto. Afrika Kusini ndiko walikogusa jani lenyewe: kesi iliyoanzishwa na Rasta mmoja aliyenyimwa kuwa wakili ilishindwa mwaka 2002, lakini mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikaruhusu mtu mzima kulima na kutumia faraghani. Kwa kila mtu, si Rasta tu. Kuuza kukabaki kosa.

Jamaika yenyewe ililegeza mwaka 2015. Kukutwa na wakia mbili au chini yake si tena kesi ya jinai, na Marasta wakaruhusiwa kuitumia kwa ibada. Pamoja na hayo likaja soko halali lenye leseni, ada, uzio, kamera na ukaguzi, vitu ambavyo mkulima wa kilimani hawezi kuvigharamia. Walioingia kwa kasi ni wenye mitaji. Ukoo wa Howell na Marasta wengine wakati huohuo walikuwa wanapigania vipande vya Pinnacle visigeuzwe viwanja vya nyumba za kuuza. Ethiopia mwaka 2017 ilitangaza kuwapa Marasta wa Shashamane vitambulisho vya ukaazi, karibu miaka 70 baada ya ardhi ile kutolewa. Wapo waliozaliwa pale, wakakua, wakazaa, wakazeeka bila karatasi.

Na Nairobi, ambako jina la Shashamane linauzwa kwa kete, Chama cha Marasta wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kupinga sheria ya dawa za kulevya inavyowagusa. Wanachoomba ni waumini wasikamatwe wanapotumia jani kwa ibada, faraghani majumbani mwao na kwenye sehemu zao za kusalia. Ruhusa ya kuuza hawakuiomba.